Jina la Mtoto wa Mwadawa

Sogeeni, mnisikilize hadi mwisho, maana nitawaachia kazi.

Walikuwapo watafiti watatu wa chuo kikuu, wanawake wote, waliochunguza vitu visivyotulia: mchanga unaomwagika, udongo unaosukumwa na mvua bila kupumzika. Semeni alijaliwa hesabu. Sekela alijaliwa mikono. Nyamizi alijaliwa subira.

Semeni alisema hakuna awezaye kuifuata kila punje ya udongo, ila punje zikiwa mamilioni, tabia yao ya pamoja inahesabika. Akapiga hesabu, akaona kwamba mteremko unaokaribia kuporomoka, ukitikiswa kidogo tu, hukawia kutulia.

Sekela hakuridhika na karatasi. Akaunda sanduku kubwa la kioo, akalijaza udongo, akaunyeshea maji mpaka ukaporomoka. Akarudia, akarudia tena, mwaka mzima. Kweli, kila mara udongo ulikawia kutulia kwanza, ndipo ukaporomoka.

Nyamizi akahamia mlimani, akapanga chumba kwa Mwadawa, mjane mwenye mimba kubwa. Akachimbia vipimo shambani, akavifuatilia masika yote. Asubuhi moja akaona mlima umeanza kukawia kutulia.

"Dada, tuondoke," akamwambia Mwadawa.

"Mlima utaanguka lini?"

"Sijui. Labda leo, labda wiki ijayo. Hata Semeni hajui."

"Basi uzuieni!"

"Hatuwezi, dada."

Kijiji kizima kikahamia shuleni, ng'ambo ya bonde. Semeni na Sekela nao wakaja. Mlima uliporomoka mchana kweupe. Mwadawa alisimama uwanjani akaitazama nyumba yake ikienda, kisha migomba, kisha kaburi la mumewe. Hakuwa na la kufanya. Kando yake Semeni alikuwa analia. Hakufa mtu hata mmoja.

Uchungu ukamshika Mwadawa palepale, akajifungua binti darasani. Mama mkwe wake akampokea mtoto.

"Hatujabakiwa na kitu cha kuwapa hawa wanawake, mwanangu, ila jina. Mpe mtoto jina la aliyetuokoa."

Mwadawa akawatazama wote watatu mlangoni. Bila Semeni, Sekela asingejua atafute nini. Bila Sekela, nani angehamisha kijiji kwa hesabu tupu? Na bila Nyamizi, wote wangekuwa chini ya udongo. Mtoto ni mmoja, na baba yake hayupo tena.

"Nisaidieni jamani," akasema.

Je, ungekuwa wewe Mwadawa, mtoto ungemwita nani?