Kwa Nini Mafundi wa Lusonga Huulizwa Habari za Mgawaji

Kulikuwa na zama ambapo maji ya Mto Lusonga yalifika mashambani kabla ya onyo lake. Kituo cha mafuriko kilikuwa na programu iliyopokea vipimo vya mto na kutuma ujumbe kwenye simu za watu wa bondeni. Wakati wa kiangazi programu ilikwenda vizuri. Masika yakiingia, vipimo vikimiminika, ilijikokota kama mgonjwa.

Fundi wake, Siwema, aliumia sana. Mama yake alilima mpunga Mikoche, kijiji cha chini kabisa, na mwaka mmoja ujumbe ulimkuta keshapanda juu ya paa.

"Tutafute kompyuta kubwa zaidi," alisema Bwana Mahimbo, mkuu wa kituo. Ikaja. Masika yakarudi, mambo yakawa yaleyale.

Ndipo Siwema alipoacha kuichunguza programu, akamchunguza anayeigawia nafasi. Maana programu haijitwalii kumbukumbu ya kompyuta, yaani nafasi ya kuweka vitu inavyovifanyia kazi. Huiomba kwa mgawaji, ambaye naye ni programu nyingine, iliyofichika chini yake. Alichokiona kilimwacha mdomo wazi. Mgawaji alikuwa na mlango mmoja, kazi zote zikipanga foleni hapo. Nafasi zilizorudishwa zilibaki vipande vipande, hata kitu kikubwa kikakosa pa kukaa ilhali kumbukumbu haijajaa.

Akaweka mgawaji mwingine, anayeipa kila kazi akiba yake na kuviweka pamoja vitu vya ukubwa mmoja.

"Umeiandika upya programu nzima?" aliuliza Bwana Mahimbo.

"Sijagusa hata mstari mmoja, Mzee. Nimebadilisha mgawaji tu."

Asubuhi moja mawingu yalifunga milimani. Vipimo vikaingia, vikazidi, vikafurika. Siwema alishika ukingo wa meza akisubiri ule mkwamo aliouzoea. Haukuja. Ujumbe ulitoka papo kwa papo, kijiji baada ya kijiji, na Bwana Mahimbo akasogeza kiti karibu, kama mtu anayetazama mtoto akizaliwa.

Simu ya Siwema ikalia.

"Mwanangu, tumeshapanda kilimani na mbuzi wote," alisema mama yake. "Mbona mto umetulia?"

"Subirini hukohuko, mama," alijibu.

Jioni maji yalifika Mikoche, yakazikuta nyumba tupu.

Na tangu siku hiyo, fundi akileta programu mpya kituoni Lusonga, kabla hajaulizwa inafanya kazi gani, huulizwa: "Nani anaigawia kumbukumbu?"