Mji Usiojua Pole

Katika nchi ya Nurani alitawala Sultani Shamhuni, naye alikuwa na pete iliyomfunga jini, na siku moja akaisugua, akasema, "Nijengee mji kamili, usio na njaa wala maradhi wala tabu yoyote."

"Labeka, maulana," akajibu jini. "Lakini pasipo tabu hapana pole. Siku neno hilo litakapotamkwa, mji utabomoka, nami nitakuwa huru."

Sultani akakubali, akawakataza watu wote kulitamka neno hilo, na kulipopambazuka kuta zilikuwa za lulu na mifereji ikitiririka maziwa, na watu wakashiba na wagonjwa wakapona. Mtu akijikwaa, wenzake waligeuza nyuso. Mpishi wa jumba alipoungua kidole, mkewe alijiziba mdomo kwa mikono miwili.

Lakini mauti hayaamriwi na pete. Yakaja, yakamchukua mke wa Sultani, na binti yao mdogo, Shamsa, akaacha kusema na akaacha kula. Akaletewa ndege msemaji. "Cheka, binti Sultani, hapa hakuna tabu!" akasema ndege, na mtoto akageukia ukutani. Akakonda hata bangili zikamvuka mkononi, na baba yake akawa na neno moja kooni, akilimeza kila siku.

Ndipo Bishara, mjane aliyefua nguo za jumba, akaja na shuka, akamwona mtoto. Akaziweka chini, akampakata, akampangusa pua kwa upindo wa ukaya aliojitanda kichwani.

"Usithubutu!" akakemea Sultani. "Utaniangushia mji wangu!"

"Maulana, mji hujengwa tena. Huyu je?" Akamwinamia mtoto. "Pole, mama. Pole sana, mwanangu."

Shamsa akaangua kilio, na lulu ikawa mchanga na maziwa yakawa maji. Jini akacheka akipaa. "Kumbe mji mzima ulikuwa na mtu mmoja!"

Sultani akapiga magoti vumbini. "Pole, mwanangu," akasema, naye akalia.

"Baba," akasema Shamsa, "nina njaa."

Na nje watu wakapangusana vumbi, wakipeana pole, na mke wa mpishi akapaza sauti, "Pole ya kidole, mume wangu!"

"Nishapoa zamani, lakini ilete!"

Baadaye Sultani akamwoa Bishara, na hazina yake akaitoa kujengea watu nyumba za mawe na udongo, nazo zilivuja, na jirani akamsaidia jirani kuziba, wakaishi kwa heri na riziki ya kutosha. Nasi tumejua kwamba mji mwema haukosi machozi, ila ndani yake hakuna aliaye peke yake.