Mbuzi Aliyekalia Mkeka wa Msiba

Paukwa!

Mbona sauti za wagonjwa? Chakula mmekula, nimewaona. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Nikisema "alikuwepo", mnasema "nani?" Haya. Alikuwepo!

Nani?

Mbuzi.

Wa nani?

Wa marehemu. Basi kaeni kitako, na wewe mwenye kikohozi kohoa sasa umalize, maana nikishaanza mimi sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wanajua kusema ila hawana la kusema, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi huko mlimani. Wanawake wa kijiji hicho walichimba udongo, wakafinyanga vyungu, wakavichoma, wakaviuza, wakarudi kuchimba. Mmoja wao aliitwa Bi Mwamvita. Alikuwa na watoto watatu: Zaituni, binti wa miaka kumi na saba, Pazi, mvulana wa kumi na mitano, na Mwantumu, kitinda mimba, wa kumi na mitatu. Alikuwa pia na mbuzi jike mmoja mwenye madoa. Mume aliwahi kuwa naye, akaenda kutafuta kamba, hajarudi mpaka leo. Simtaji tena.

Bi Mwamvita akashikwa na homa. Homa ya siku tisa. Siku ya kumi akafa.

Watoto wakalia. Walilia asubuhi, walilia mchana, walilia jioni. Uji ukiletwa, haupiti. Usingizi ukija, hauingii. Aliyezidi ni Zaituni. Mtu akitaja jina la mama yake, yeye huziba masikio. Siku ya tatu akawaambia wadogo zake, "Mimi hii siiwezi. Ikiendelea hivi nitamfuata mama. Twendeni kwa Kakakuona."

"Twende," akasema Pazi.

"Twende," akasema Mwantumu.

Kakakuona ni yule mnyama wa magamba, haonekani ovyo. Watu wa mlimani wakimwona humpelekea maswali yao. Mvua itanyesha? Nzige watakuja? Yeye hujibu yote. Kufiwa alikuwa hajafiwa hata siku moja, kwa hiyo ushauri alikuwa nao mwingi.

Wakamkuta kwenye kichuguu anakula mchwa.

"Shikamoo, Kakakuona."

"Marahaba. Mna nini?"

"Tuna huzuni."

"Mnataka iende wapi?"

"Itoke tu."

"Kutoka itatoka. Nimeuliza itaenda wapi."

"Popote."

"Popote," akasema Kakakuona, akala mchwa mwingine. "Haya. Lieni ndani ya kibuyu siku tatu, lisimwagike hata tone. Siku ya nne changanyeni na pumba na chumvi, wekeni nje ya mlango. Atakayekula ndiye atakayeibeba."

"Na sisi?"

"Ninyi mtakuwa wepesi."

Hawakuuliza swali jingine. Kijana akiambiwa atakuwa mwepesi haulizi swali jingine. Na ninyi mnaochekea huko nyuma, nawaona.

Basi wakalia ndani ya kibuyu siku ya kwanza, wakalia siku ya pili, wakalia siku ya tatu, wakipokezana. Nusu ya kibuyu aliijaza Zaituni peke yake. Siku ya nne, alfajiri, wakatia pumba, wakatia chumvi, wakakoroga, wakamimina kwenye kigae cha chungu, wakaweka nje, wakachungulia mlangoni.

Akapita jogoo. Akanusa, akaenda zake. Akapita mbwa wa jirani. Akanusa, akapiga chafya, akaenda zake. Akapita mbuzi wa madoa. Mbuzi hakunusa. Alikula pumba, akalamba kigae, kisha akatafuta kibuyu kilipo akala na kamba yake.

"Ni mbuzi tu," akasema Pazi.

"Ni mbuzi tu," akasema Mwantumu.

"Afadhali mbuzi," akasema Zaituni.

Papo hapo wakawa wepesi. Pazi akasikia njaa. Mwantumu akaanza kuimba. Zaituni akakitazama kitanda cha mama yake, akaona kitanda. Uji wote ukanywewa siku hiyo, na chungu kikakwanguliwa. Na yule mbuzi akaja mlangoni, akapanda juu ya mkeka wa msiba, akakunja miguu, akalia.

Sasa hapa lazima niwaeleze desturi, maana ninyi mmezaliwa juzi. Katika kijiji kile, mfiwa alikaa kwenye mkeka mlangoni siku arobaini. Anayekaa mkekani na kulia, huyo ndiye mfiwa, na pole zote ni zake. Siku ya arobaini jina la marehemu alipewa yeye. Akishalipata jina, watoto wa marehemu wanamwita mama, wanamwamkia, na wanamtii. Desturi haikusema mfiwa awe na miguu mingapi. Hakuna aliyewahi kufikiria kuiuliza.

Akaja jirani wa kwanza na unga wake kichwani. Akawaona watoto uani wanacheza bao, wanagombana, wanacheka. Akamwona mbuzi mkekani, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Jirani akasimama, akafikiri, akautua unga mbele ya mbuzi.

"Pole, Mbuzi."

"Nimeshapoa," akasema mbuzi.

"Ndiyo kazi ya Mungu."

"Ndiyo."

Akaja jirani wa pili na kuni. "Pole, Mbuzi." "Nimeshapoa." Akaja wa tatu na kaniki mpya, akamtanda mbuzi mabegani, akamfunga fundo chini ya kidevu. "Pole, Mbuzi." "Nimeshapoa. Karibu ukae." Jirani akakaa. Wakalia pamoja mpaka jua likawa utosini.

Watoto hawakujali. Watajali kwa kutumia nini? Mtu akimuuliza Pazi, "Mama yako yuko wapi?" hujibu, "Amekufa," kama anavyojibu mtu aliyeulizwa jembe liko wapi. Hakuwa na ubaya. Ndani mlikuwa hamna kitu.

Wiki ya tatu akaja Mzee Dibwa, mtani wa ukoo. Mtani ndiye anayeruhusiwa kufanya mzaha msibani, tena ni kazi yake. Humwiga marehemu mbele ya watu, watu wakacheka, na katikati ya kicheko mfiwa hushindwa, akalia zaidi. Hivyo ndivyo mtani anavyojua nani ameumia kweli na nani amefuata pilau.

Mzee Dibwa akajitanda kanga, akabeba tenga la udongo kichwani, akatembea kama Bi Mwamvita, goti moja likigoma. Akaweka mkono kiunoni akafoka kama Bi Mwamvita: "Nani kakanyaga chungu changu kibichi? Nani? Mguu wako huo, au wa shetani?"

Wanakijiji wakacheka, wakapangusa macho. Zaituni na wadogo zake wakacheka zaidi ya wote. "Rudia tena, babu!" wakasema. "Rudia pale pa goti!" Akarudia mara ya pili, wakacheka. Akarudia mara ya tatu, wakajigaragaza chini.

Mbuzi alikuwa ameficha uso ndani ya kaniki, anatetemeka mwili mzima.

Mzee Dibwa akatua tenga. "Mfiwa nimemwona," akasema. "Sina zaidi."

Msiba ule ulisimamiwa na Bi Tausi, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke asiyependa maneno mengi. Akawaita watoto pembeni. "Mmemsikia mtani. Siku ya arobaini jina la mdogo wangu anapewa mbuzi. Kuanzia leo jizoezeni kumwamkia."

Pazi akacheka, akamtazama mama yake mkubwa, akaacha kucheka. Bi Tausi hakuwa anatania. Hakuwa anapendezwa pia. Kope zilikuwa zimemlowa. Lakini desturi ni desturi.

Mwantumu, kwa kuwa ni mtoto mtiifu, akaenda kujizoeza. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema mbuzi. "Umekula?"

Mwantumu akarudi ndani, akakaa. "Amenijibu vizuri kuliko tunavyojibizana sisi," akasema baadaye.

Zaituni hakulala siku mbili. Huzuni hakuwa nayo, aliitafuta hakuiona. Alichoona ni kwamba kitu chake kiko mikononi mwa mwingine, na kitu hicho ni mama yake. Siku ya arobaini ikipita, atakuwa na mama mwenye pembe, na yule wa kweli hatakuwa wa mtu yeyote.

Wakarudi mbio kwa Kakakuona.

"Turudishie huzuni yetu!"

"Mimi sinayo. Anayo aliyekula. Mwombeni."

"Akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

Shauri gani hilo? Na watu wanamtembelea mpaka leo!

Siku ya arobaini ikafika. Watu wamekwisha kuanza kuingia uani, akina mama wanakoroga vyungu. Watoto wakamwendea mbuzi, wakapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mbuzi, tulikupa huzuni yetu. Tunaiomba."

Mbuzi akatafuna, akameza, akatafuna tena. "Mlinipa yenu, kweli. Lakini na mimi nilikuwa na yangu. Mwamvita alikuwa akinimenyea maganda ya muhogo kila jioni kwa mkono wake. Nani aliniuliza? Nikaweka yenu juu ya yangu, nikabeba zote. Sasa nimezizoea."

"Tafadhali."

"Jina hili ni la aliyemjua. Kila mmoja aniambie jambo moja la Mwamvita nisilolijua. Nikikuta nayajua yote, ondokeni mkaoge, shughuli inaanza."

Pazi akasema, "Mama alikuwa akikoroma."

"Nimelala nyuma ya ukuta huo miaka sita. Nalijua."

Mwantumu akasema, "Mama alikuwa akiviambia vyungu visipasuke, vikiwa motoni."

"Alikuwa akiviambia mbele yangu. Nalijua."

Akabaki Zaituni. Zaituni akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua, akaufunga. Mara ya tatu akasema, akiangalia chini.

"Siku ya tisa ya homa, mama aliniita nimletee maji. Nilikuwa nyumba ya pili nasukwa. Akaita, nikasema nakuja. Akaita tena, nikasema nakuja, zimebaki mbili. Akaita mara ya tatu, sikujibu, nikaona ananisumbua. Baada ya hapo hakuita. Nikamalizia nywele. Nikaja nimependeza."

Mbuzi akaacha kutafuna.

"Siku hiyo nilikuwa malishoni," akasema. "Hilo silijui. Ndani ya huzuni yenu mlikuwa na kitu kigumu, nimekitafuna siku zote hizi hakilainiki. Kumbe ndicho hicho."

Mbuzi, kama mjuavyo, hucheua. Alichokula jana hukirudisha leo. Akanyoosha shingo, akakohoa, akatema mkekani madonge matatu ya pumba. Wakala. Msikunje sura, mmekula vibaya zaidi ya hapo, na mkaomba kuongezwa. Pazi akala lake, akalia. Mwantumu akala lake, akalia. Zaituni lake lilikuwa kubwa, lilimkaa kooni muda mrefu, na lilipopita akapiga yowe, akina mama jikoni wakaacha miko.

Bi Tausi akaja mbio. Zaituni akamshika miguu. "Mama mkubwa, aliniita maji sikwenda! Aliniita mara tatu!"

Bi Tausi akachuchumaa. "Na mimi aliniita," akasema. "Siku hiyo hiyo. Nilikuwa naanika mihogo. Nikasema Zaituni yupo." Akajifuta pua kwa kanga. "Nimelilia hilo siku arobaini peke yangu. Sogea, tulie wote."

Wakalia wote. Mzee Dibwa akatazama, akavua kofia, hakuiga mtu.

Ukafika wakati wa jina. Kwao, mkubwa husimama mlangoni akaliita jina mara tatu, na mfiwa anayeitika amelipokea. Bi Tausi akasimama. Mbuzi mkekani, anatafuna. Zaituni kando yake, macho yamevimba, haoni mbele.

"Mwamvita!"

"Abee!"

Zaituni alikuwa amekwisha kusimama, amekwisha kufika, yuko mbele ya Bi Tausi anahema. Mara ya pili haikuitwa. Ya tatu haikuitwa.

Pazi na Mwantumu wakaja, wakainama. "Shikamoo, mama." Zaituni akataka kuitikia, kilio kikamziba. Basi mbuzi akaitikia badala yake, kwa mazoea. "Marahaba," akasema, akarudi kutafuna huzuni yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyemwomba, na kwenye mkeka ule hakuna aliyemtoa.

Hadithi imekwisha, na fundisho lake ni hili: usimpe mwingine huzuni yako akubebee, maana atabeba na marehemu wako. Aliyesikia amesikia, na aliyelala nitamwambia mama yake.

Mimi kwenye arobaini ile nilikuwepo. Tulilishwa maharage. Arobaini nzima, maharage! Nikauliza nyama iko wapi, nikatazamwa vibaya na ukoo mzima. Kwani nani angechinja, na mbuzi wa pekee pale nyumbani ndiye anayepewa pole?