Injini Iliyogoma Siku ya Nabwire

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali hii ya juzijuzi, injini za boti zikiwashwa kwa kuvuta kamba, kulikuwa na mwanamke jina lake Nabwire. Aliishi kisiwani, katikati ya ziwa. Mumewe alikuwa kwenye kambi ya mbali akivua dagaa.

Asubuhi moja uchungu ukamshika. Mkunga akampapasa, akatikisa kichwa. "Mtoto amekaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, ng'ambo."

Boti zote zilikuwa zimekwenda mnadani. Ilibaki moja, ya kijana Magesa, yenye injini iliyomzidi yeye umri. Wakamlaza Nabwire ndani, juu ya mkeka. Magesa akavuta kamba. Kwa! Ikamkatikia mkononi, na springi inayoirudisha ikavunjika ncha huko ndani.

Wakazungushia kipande cha kamba kwenye gurudumu la juu, wavute hivyo hivyo. Kikateleza; pa kukikamata palikuwa pamelika. Wapige kasia? Upepo ulikuwa wa mbisho, ukiwapiga usoni. Nabwire akauma kanga. Sitalia, alijiambia, mbele ya watu wa kisiwa changu.

Akaja Nyasato, fundi wa baiskeli. "Nipeni bisibisi. Na makaa, kwa muuza chapati pale!"

Akafungua kifuniko. Springi, ukanda wa chuma uliojikunja mle ndani, ikafyatuka ikaruka kuelekea majini. Magesa akaidaka kwa kiganja kitupu. Ikamchana, damu ikatiririka kwenye mbao. Hakuiachia.

Nyasato akaitia ncha kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, akaikunja kwa koleo iwe ndoano mpya. Ikavunjika. Akarudia, macho hayainuki. Ikashika.

"Kamba?"

Kamba za dukani zilikuwa nene, hazikupita kwenye tundu. Mzee Kitundu, mvuvi, akaondoka. Akarudi na kamba nyembamba, ngumu, mpya. Nabwire aliitambua: ilikuwa ya wavu wa mzee, wavu aliousuka mwaka mzima, ambao ulikuwa haujaonja maji. Bila kamba ile, wavu ni matambara.

Wakafunga. Nani avute? Injini ile ilimjua Magesa tu. Ukiikosea inakutegua bega. Akavuta kwa kiganja kile kile. Kimya. Akavuta. Ikakohoa. Akavuta, damu ikalowesha kamba, na injini ikanguruma! Ufuko mzima ukapiga vigelegele.

Wakavuka, na huko hospitali Nabwire akajifungua salama, mtoto wa kike. Mumewe aliporudi kutoka kambini akasema, "Uchungu ulikuwa wako, mama. Chagua wewe nani ampe jina." Na kisiwani kwao, anayempa mtoto jina huwa mzazi wake wa pili, na mtoto hapewi majina mawili.

Wakaja wote watatu, vifua mbele.

"Springi ile nimeizaa upya mimi," alisema Nyasato. "Bila mimi, boti ingeondoka?"

"Isingeondoka, dada."

"Nami wavu wangu niliukata nikiutazama," alisema Mzee Kitundu. "Fundi angefunga nini pale, utepe wa nywele? Bila mimi, boti ingeondoka?"

"Isingeondoka, baba."

Magesa akafungua kiganja chenye kovu. "Mmoja alitoa ujuzi, mmoja alitoa mali. Mimi nilitoa mkono, nikautoa tena. Bila mimi, boti ingeondoka?"

"Na nani aliiacha kamba ikaoza?" Kitundu alidakia.

"Na springi ilimponyoka nani, mzee? Si fundi wako?"

"Ilinitoka, sikatai," alisema Nyasato. "Na nani aliitengeneza?"

Nabwire akamgeukia Magesa. "Isingeondoka, kaka," alimjibu naye.

Akawatazama, akamtazama mwanawe aliyelala kifuani. Fahari ilimjaa. Kisiwa kidogo, ramani nyingine hazikionyeshi, na watu hawa ni wa kwao! Akafungua kinywa kutaja mmoja, akakifunga. Kila aliyetaka kumtaja, macho ya wengine wawili yalimwuliza swali lile lile.

Haya, nyinyi mliokaa hapa, msinitazame mimi. Jina ni moja, wanaolidai ni watatu, na mtoto anangoja kuitwa. Je, nani alistahili kumpa?