Sauti Zilizofungiwa Itobela

Ufunguo wa ghala haulali ghalani.

Mmemsikia yule mama muuza vitenge akimrushia bintiye maneno hayo, mmecheka, kisha mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Mwingine angewajibu kwamba ni ya wahenga, maana kila neno lisilo na mwenyewe tunawabebesha wahenga, nao hawawezi kukataa. Hili lina wenyewe. Lilizaliwa Itobela, kule kwenye misitu ya warina asali, ndani ya kituo cha redio. Lilizaliwa hivi.

Kituo kilikuwa mali ya ushirika wa warina asali. Chumba kimoja, mnara mmoja, na kompyuta moja iliyobeba kila kitu: nyimbo, matangazo ya misiba, na sauti za wazee zilizorekodiwa kwa miaka mingi. Aliyeitunza ni fundi Nyanzala, mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na yote makali. Alisomea kazi hiyo mjini akarudi kwao, na walipomwuliza kwa nini amerudi, alijibu kwamba mjini hakuna anayejua asali halisi.

Umeme wa Itobela ulikuwa kama kikohozi cha mzee: hauagi na hauchagui saa. Kila uliporudi, wasikilizaji walikuwa wakiipima redio yao. "Leo imerudi uji haujachemka!" Siku ikichelewa, Nyanzala alitaniwa sokoni mpaka akakosa hamu ya nyanya. Basi akatafuta namna ya kuifanya kompyuta iamke upesi.

Hapa tegeni masikio. Kompyuta ikiwashwa huamka haijui hata ilipo. Hukabidhiwa kwanza kifurushi kidogo cha kuamkia. Ndani yake mna draiva, yaani vijiprogramu vinavyoifundisha kuzungumza na vifaa vyake, na hasa na ile diski ambamo mfumo mzima umelala. Ikishaifikia diski, mengine yote itayakuta huko. Nyanzala alikipunguza kifurushi hicho. Alitoa draiva zote za mashine ambazo hakuwa nazo, akabakiza za mashine yake tu. Kompyuta ikawa inaamka kama jogoo aliyekanyagwa mkia. Watu wakamsifu, naye hakuzikataa sifa.

Kisha radi ikapiga. Mashine ikaungua, diski ikapona. Ushirika ukapata mashine nyingine, ya aina tofauti kabisa, na Nyanzala akaihamishia diski humo. Akaiwasha. Kioo kikaandika: diski haionekani. Akazima, akawasha tena. Haionekani.

Wala haikuwa siku ya mzaha. Mwekezaji wa mbao alikuwa anaudai msitu wa Nsanda, na kamati ya mpaka ilikuwa imeketi shuleni. Wazee waliopita kwenye mpaka ule na kuweka alama zake walikuwa wamekwisha kufa, ila ushahidi wao ulirekodiwa. Kamati ilikubali kuusikiliza redioni saa tisa alasiri, mbele ya wanakijiji wote. Usiposikika saa hiyo, shauri lifungwe. Shauri likifungwa, msitu umekwenda, na mizinga yote pamoja nao.

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kapela, alikuwa amemwita kutoka mjini Injinia Filbert aje kutengeneza mnara, naye alikuwa ameumaliza. Akamwomba atazame na kompyuta. Injinia akatazama kioo, akajipangusa mikono kama mtu anayetoka makaburini.

"Diski imekufa," akasema. "Nitaweka nyingine na mfumo mpya. Jioni mtakuwa hewani na muziki wenu."

"Na sauti za wazee?" Nyanzala akauliza.

"Sauti zimewafuata wenyewe. Poleni."

"Pole ya nini? Umeipima?"

"Dada, mashine yenyewe inasema haioni diski."

"Kipofu akisema haoni jua, jua limekufa?"

Mzee Kapela akakohoa. "Fundi, huyu ni mgeni tuliyemwita wenyewe. Usimtie vidole machoni."

"Nisamehe, Mzee. Lakini asiyepima asizike."

Akachomoa flashi kwenye mkufu wa funguo zake, akaichomeka. Ndani ya flashi ile mlikuwa na mfumo mwingine kamili, na kifurushi chake cha kuamkia kilikuwa kinene, hakijapunguzwa na mtu. Kompyuta ikaamka kwa kupitia flashi. Na diski hiyo hapo, haina hata mchubuko!

Nyanzala hakushangilia. Alikwisha kuelewa kosa lilikuwa wapi.

Mlangoni alisimama Bi Mgole, mrina asali mkongwe, ambaye kaka yake marehemu Ntabo alikuwa mmoja wa zile sauti. Alikuwa amekataa kukaa shuleni na wenzake. "Iko hai?" akauliza.

"Hai kabisa, Bi Mgole."

"Sasa ilinyamaza kwa nini?"

Angeweza kusema ni radi. Radi haina wakili. Lakini Nyanzala hakuzoea kujificha nyuma ya mtu, hata kama mtu huyo ni radi.

"Mashine mpya inahitaji draiva yake ili iifikie diski. Haikuwa nayo ilipoamka."

"Draiva hiyo iko wapi?"

"Ndani ya diski."

Bi Mgole akaingia, akakaa bila kukaribishwa. "Ngoja nielewe. Mlango umefungwa, na ufunguo umo ndani?"

"Umo ndani."

"Mpumbavu gani aliulaza humo?"

"Mimi."

Mzee Kapela akaangua kicheko, akajaribu kukimeza, kikamtokea puani. Bi Mgole hakucheka. "Mwanangu, ghala letu la asali ufunguo wake hulala mtaa wa pili, kwa mtu asiyekula hata asali. Unadhani kwa nini? Ufunguo wa ghala haulali ghalani!"

"Basi tuuvunje mlango," Injinia akadakia. "Nakili hizo sauti kwenye flashi, nifute mfumo, niweke mpya."

"Sauti hazina majina. Programu iliyo kwenye mfumo huu ndiyo inayojua ipi ni ya nani, na ya mpaka upi. Ukiufuta utaniachia gunia la sauti zisizo na watu."

"Dada, saa tisa inakuja. Ukishindwa, lawama ni yako."

"Iandike jina langu, tena kwa wino mzito. Mfumo huu haufutwi nikiwa nimesimama."

Injinia akamgeukia mwenyekiti. "Mzee, amua."

Mzee Kapela akatazama kioo asichoweza kukisoma, akamtazama na fundi. "Mrina hachomi mzinga kwa sababu amesahau ngazi," akasema. "Endelea, mwanangu. Huo msitu hatuutoi kwa uvivu."

Nyanzala akaingia kwenye mfumo wake mwenyewe kwa kupitia flashi, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa dirisha. Akaikuta draiva mle ndani, imelala tu, haina habari. Akaiandikisha kwenye kifurushi cha kuamkia, akakifunga upya. Akachomoa flashi. Akawasha.

Diski haionekani.

Kutoka shuleni kulikuwa kunasikika kipaza sauti cha kamati kikijaribiwa: moja, mbili, moja, mbili. Nyanzala alibana meno. Moyoni alijiambia kwamba kama ni kushindwa, atashindwa mkono ukiwa kazini, wala hatakuwa ameketi akipewa pole.

Injinia akavuta kiti karibu. "Draiva hiyo haitembei peke yake," akasema polepole. "Ina mwenzake anayeitangulia. Huyo hukumbeba."

"Mbona hukusema mapema?"

"Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unanitukana."

"Ni kweli. Na kesho nitaendelea. Nionyeshe huyo mwenzake."

Flashi ikarudi, dirisha likafunguliwa tena. Wakawaandikisha wote wawili, na Nyanzala akazirudisha kifurushini draiva zote alizozitoa zamani, hata za mashine ambazo Itobela haitaziona kamwe. Akafunga. Akachomoa. Akawasha.

Kompyuta ikakawia, tena sana. Kisha mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo, na mfumo mzima ukasimama.

Saa tisa, kule shuleni, wakili wa mwekezaji akiwa amekwisha kuvaa miwani yake kwa ajili ya kufunga shauri, redio iliyokuwa mezani ikasema kwa sauti ya mtu aliyezikwa zamani: "Mimi Ntabo, nimesimama kwenye mninga wenye kovu. Kutoka hapa kushuka hadi kijitoni, mawe matatu tuliyazika wenyewe. Huu msitu ni wetu. Atakayesema si wetu, aje tutembee naye."

Wakili akaomba redio izimwe. Mkuu wa kamati akamwuliza kama miguu inamwuma, kwa kuwa kesho yake watatembea. Wakatembea. Mninga ulikuwepo na kovu lake, na walipochimba wakayakuta mawe. Nsanda ikabaki Nsanda.

Jioni ile Nyanzala alikwenda kwenye kipaza sauti, akawaeleza wasikilizaji kwa nini redio ilikuwa kimya, bila kuitaja radi. Alisema alitaka kuwafurahisha kwa kasi, akautupa ndani ufunguo wa nyumba. Akamaliza kwa maneno ya Bi Mgole. Redio haina mipaka, mnajua. Wiki haikwisha watu wa vijiji vya mbali, wasiojua draiva ni mnyama gani, wakawa wanawaambia watoto wao hivyohivyo.

Basi mkitaka kubeba kidogo ili mwende mbio, bebeni kidogo, siwakatazi. Lakini kile kitakachowafungulia kiwekeni nje ya mlango, mahali ambapo mkono wenu utafika hata siku mtakayokuwa mmefungiwa. Na siku hiyo akija mtu na shoka, akiwaambia ghala limekufa, mwambieni akae pembeni kwanza. Ufunguo wa ghala haulali ghalani.