Kiboko Aliyejitwalia Majina ya Kimombo

— Nibishe hodi ya ngano?
— Bisha, mlango u wazi!
— Nani mdogo?
— Asiyeonekana!
— Nani mkubwa?
— Atakayeonekana akianguka!

Basi tegeni masikio, wapendwa, na aliyekuja kusinzia akalale kwao.

Hapo kale, kando ya ziwa pana, aliishi Kiboko, mwenye tumbo lisilojua neno "yatosha". Alikula nyasi za kaskazini, akashiba, akasema, "Bado." Alikula nyasi za kusini, akashiba, akasema, "Bado." Likasalia konde moja dogo, nalo lilikuwa la Bi Nyenje. Udongoni, chini ya nyasi za konde lile, mayai yake yalilala yakingoja mvua. Kiboko angepita hapo kwa miguu yake minne, asingesalia hata mmoja wa kuitwa mwana.

Lakini nchi ile ilikuwa na sheria. Hata mwenye pembe hakuingia konde la mwenzake mpaka haki yake itamkwe barazani. Kwa hiyo Kiboko akaenda kuitafuta haki, kama wafanyavyo wote ambao hawanayo.

Siku hizo mabaharia wa Kiingereza walikuwa wametia nanga gatini. Kila alasiri walishuka ufukweni wakacheza mpira kwa gongo. Kiboko akajilaza majini, masikio nje, akaokota maneno yao kama kuku aokotavyo punje. Akarudi amevimba kwa elimu. Pu! Pu! Pu! Nchi ikatikisika, wanyama wakakusanyika barazani.

"Sikilizeni, washamba ninyi," akanguruma. "Kimombo ni lugha ya ajabu. Neno moja hubeba vitu visivyojuana hata kwa salamu. Kriketi ni mchezo wa gongo, na kriketi ni nyenje. Basi tangu leo jina langu ni Kriketi! Mchezo ni wangu, uwanja ni wangu, na konde la nyenje ni langu. Naingia kula."

"Na tukuone ukiruka basi, Kriketi!" akasema Chura kutoka topeni.

"Nyamaza, mdomo mpana wewe!"

"Jamani, mmesikia? Huyu! Huyu ndiye ameniita mimi mdomo mpana!"

Baraza likaangua kicheko. Lakini Korongo, mwamuzi wao, hakucheka. "Jina likitamkwa mara tatu hapa," akasema, "ni la mwenye kulitamka, pamoja na vyote viandamanavyo nalo. Ndivyo tulivyowekewa."

Moyo wa Bi Nyenje ukatetemeka; ulimi wake haukutetemeka. Akasogea mbele, akainama kwa adabu.

"Bwana Mkubwa, umesema kweli tupu. Ila mbona umeokota neno moja ukaliacha lililonona? Na flai je? Nami nililisikia kule gatini. Flai ni mpira uliopaa angani. Flai ni ule upande wa bendera ya meli unaopepea. Flai ni mdudu pia, mdogo tu, hana maana."

Kiboko akameza mate. "Bendera ya meli? Na mwenye bendera si ndiye mwenye meli?"

"Mimi kidudu, Bwana. Mambo ya meli nitayajulia wapi?"

"Na melini mna mchele?"

"Nasikia magunia kwa magunia."

Ole wake asikiaye habari za magunia akasahau kuuliza habari za mdudu! Kiboko akapanua kinywa, akatamka mara tatu: "Mimi ni Kriketi! Mimi ni Flai!"

Hapo Bi Nyenje akapiga vigelegele. "Ririririri! Karibu, somo wangu!"

"Somo?"

"Wenye jina moja huitana somo," akasema Chura. "Ama mama yako hakukufunza?"

Korongo akainua shingo. "Somo humfungulia somo nyumba yake. Hamfukuzi, wala hamkanyagii watoto wake. Amfukuzaye somo amelitapika jina, na vyote viandamanavyo nalo."

Kiboko akakitazama kile kiumbe kisichofika ukucha wake, akacheka. "Ndiyo adabu yenyewe hiyo? Haya, karibuni, masomo!"

Wakakaribia. Bi Nyenje akaingia sikio la kulia pamoja na dada zake, na mashangazi wakaingia la kushoto. Nyirii! Nyirii! Kisha nzi wa ziwa lote, ambao kwa Kimombo ndio flai, wakasikia ya kwamba wamepata somo tajiri. Vuuuu! Wakamjaa machoni, puani, kinywani.

"Hujambo, somo!"

"Somo, sogeza jino kidogo, tukae."

"Usifumbe mdomo, somo, bibi bado yuko nje."

Akiinamia nyasi, alikula nzi. Akifumba macho, nyenje waliimba. Akiyafumbua, nzi walikaa. Alijikaza, maana aliliwaza konde. Alijikaza, maana aliuwaza mchele. Mwisho nguvu zikamwishia, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Tokeni! Tokeni wote! Mimi ni Kiboko, mwana wa Kiboko! Sina somo, sina Kimombo, sina meli!"

Chubwi! Akajitupa majini, akazama mpaka puani.

"Amelitapika," akasema Korongo, na baraza likaitikia.

Mvua ikaja kwa wakati wake. Mayai yakapasuka, na konde lile likajaa sauti ndogo zisizohesabika, kila moja ikiliita jina la mama yake.

— Ngano nimeitua!
— Tumeipokea mikononi!
— Ni nzito?
— Twaibeba!

Sasa funzo, nami nawaonya kwa ukali kwa sababu nawapenda. Mkubwa mwenye tamaa msimzuie, kwani kumzuia mkubwa ni utovu wa adabu. Mpeni atakacho. Akisema bado, mwongezeeni. Akisema bado tena, mwongezeeni kwa unyenyekevu, mpaka akimbie mwenyewe.