Punje Arobaini za Nachenga

Hapo zamani, wakati mgongo mtupu, usiochanjwa chale, ulikuwa aibu ya ukoo mzima, wanaume wawili walikuwa wakigombea majembe manne uani, na ndani ya nyumba msichana Nachenga alilala kifudifudi akiwasikia.

"Ni manane," alisema Likongo, fundi wa kuchanja nembo.

"Ni manne," alisema Nandonde, mjomba wake Nachenga. "Chungu hicho. Hesabu mwenyewe."

Nitawaambia ugomvi ulikotoka, bila kuwazungusha, maana mimi hadithi za kuzungushana sizitaki.

Nachenga alikuwa mwoga wa kisu, na si bure. Dada yake alichanjwa nembo kubwa ya mgongo: chale themanini, zikasuguliwa masizi. Siku ya kwanza akacheka. Siku ya pili akashikwa na homa. Siku ya tatu wakamzika. Basi kila bibi yake, mama wa Nandonde, alipomwambia zamu yako imefika, Nachenga alikimbilia shambani. Kisimani wenzake wakamwita kambare, kwa huo mgongo wake laini. Akawaza mwezi mzima, bila kula akashiba. Mwisho akasema atakubali arobaini, nusu ya zile za dada. Nusu ya chale, nusu ya kifo. Ndivyo alivyopiga hesabu.

Wakapatana. Somoe, mwenzake wa tangu utoto, angetia punje ya hindi chunguni kila kisu kinapopita. Punje moja, chale moja. Punje kumi, jembe moja la ujira kutoka kwa Nandonde. Zikitimia arobaini, Nachenga anainuka, hata kama nembo imeishia njiani. Likongo akaridhia. Yeye hahesabu, anainamisha kichwa na kukata mpaka aambiwe basi.

Nachenga akafumba macho. Tik, punje ikalia chunguni. Tik. Akazifuata kimoyomoyo. Aliona zinachelewa, akadhani ni woga wake tu. Ya arobaini ilipolia akainuka, damu ikimtiririka hadi kiunoni, na bibi akapiga vigelegele.

Siku ya pili, homa. Na siku hiyohiyo Likongo akaja kudai ujira wake.

"Nimefika bega la pili," alisema. "Nembo imetimia. Na nembo kamili haijapata kuwa chini ya themanini. Nilidhani mtoto amepata moyo."

Somoe akaitwa. Alisimama akitazama vidole vyake vya miguu, akasema bibi alimfinya na kumnong'oneza: chale mbili, punje moja. Naye ni mtoto. Angemkatalia vipi mtu mzima?

Bibi hakukana. "Nembo nusu ningeipeleka wapi? Wangemcheka mpaka uzeeni. Angejua ni themanini asingekaa. Hakujua, akakaa, akavumilia. Sasa mnanishtaki kwa lipi?"

Nandonde akasema yeye aliahidi manne, na hila ya mama yake si ahadi yake. Likongo akasema kisu chake hakikumdanganya mtu.

Ndani, Nachenga alikuwa amesikia neno moja tu: themanini. Alipeleka mkono nyuma, polepole, akapapasa kutoka bega hadi bega. Kesho ni siku ya tatu. Akajikokota hadi mlangoni, akashika mwimo.

Haya, mnaonisikiliza, na methali zenu wekeni kando. Fundi kakata kwa haki na chungu kinamdhulumu. Mjomba kaahidi manne na manne anayo mkononi. Bibi kadanganya kwa kupenda, Somoe kwa kuogopa. Jua la siku ya pili linatua. Je, nani alipe, na wa kwanza kulipwa awe nani? Jibuni upesi, maana huyu aliye mlangoni hana siku za kungoja.

"Mimi nilikubali arobaini," alisema Nachenga. "Arobaini nyingine nazidai. Nani ananilipa?"